Kabla ya kusema hana moyo: kutafuta chanzo mchezaji wa kike wa shule anapokwama

Sentensi ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kuhusu wachezaji wa kike wa miaka 13 hadi 18 ni hii: "Ana kipaji, ila hana moyo." Nami niliwahi kuisema. Nilimweka benchi kwa nusu muhula msichana aliyekuwa akilegea kila kipindi cha pili, tena nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Mama yake alipompeleka kupimwa, damu yake ilikutwa imepungua vibaya. Alikuwa akinikimbilia uwanja mzima kwa miguu isiyokuwa na nguvu ya kupanda ngazi, na mimi nikamwona hataki. Sijasahau sura yake siku ile.

Tangu hapo ninakagua kwanza mwili, mavazi, ratiba na maneno ya watu wazima waliomzunguka. Moyo huwa ni jambo la mwisho, na mara nyingi sifiki huko.

Anza na dalili unayoiona. Chini yake sababu zimepangwa kuanzia ile inayojitokeza zaidi. Usiruke ya kwanza kwa kuwa inaonekana ndogo, na usirekebishe mambo matatu kwa pamoja: ukibadilisha viatu, ratiba na nafasi yake uwanjani katika wiki moja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Penye neno SIMAMA, acha kujaribu na umpeleke kwa mtaalamu.

Dalili: siku fulani haonekani mazoezini, au anakuja na kukaa pembeni

Sababu ya kwanza ni hedhi, hasa hofu ya kuchafuka mbele ya watu. Kukagua ni rahisi: fungua daftari la mahudhurio. Mzunguko wa msichana wa umri huu huweza kuwa wa siku 21 hadi 45, kwa hiyo usitegemee tarehe zilezile kila mwezi. Tafuta siku mbili tatu za kukosa zinazojirudia kila baada ya wiki kadhaa. Ukiliona hilo, usimuulize kikosini. Mwalimu wa kike au mchezaji mkubwa anayemwamini azungumze naye pembeni.

Kinachotibu tatizo hili kwa kawaida ni bukta ya rangi nzito. Timu ya taifa ya wanawake ya England iliachana na bukta nyeupe kabla ya Kombe la Dunia la 2023, na mwaka huohuo Wimbledon iliwaruhusu wanawake kuvaa bukta ya ndani ya rangi nzito chini ya mavazi meupe. Ikiwa wachezaji wazima wanaolipwa walikuwa wakiiwaza rangi ya bukta katikati ya mechi, msichana wa miaka 14 hana haja ya kuulizwa kwa nini anaiwaza. Ongeza taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na weka kanuni kwamba mchezaji akiinua mkono anatoka kwenda chooni bila kueleza sababu.

Mwambie pia kwamba kucheza akiwa kwenye hedhi hakumdhuru. Wengi hupata nafuu ya maumivu ya tumbo wakikimbia taratibu au kunyoosha viungo. Asiyejisikia kucheza apewe kazi nyepesi, asirudishwe nyumbani.

SIMAMA ikiwa taulo inajaa ndani ya saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, ikiwa damu inaendelea zaidi ya siku 7, au ikiwa maumivu yanamfungia kitandani kila mwezi. Hayo ni ya daktari, na asiambiwe kwamba kila mwanamke huyapitia.

Sababu ya pili haitajwi kabisa mpaka uiulize: matiti yanauma au yanatikisika, na hana sidiria ya michezo inayomkaa. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 uliwauliza wasichana zaidi ya 2,000 wa miaka 11 hadi 18, na karibu nusu yao walisema matiti yao yanaathiri namna wanavyoshiriki michezo. Uwanjani utamtambua kwa mikono: anakimbia ameibana kifuani, haruki kwa nguvu, anavaa sweta kwenye joto.

Ukaguzi wa sidiria anaufanya mwenyewe mbele ya kioo. Mkanda wa chini ndio unaobeba kazi kubwa, si kamba za mabegani. Uwe umekaza kiasi cha kupitisha vidole viwili tu, na akiinua mikono juu usipande. Nyama ikifura juu au kwapani, ni ndogo. Kitambaa kikikunjamana, ni kubwa. Kisha aruke papo hapo mara kumi aone kama inashika. Mpira wa mkanda ukishalegea kwa kufuliwa, sidiria hiyo imemaliza kazi hata kama inaonekana mpya.

Ya tatu ni stara. Pengine anataka kufunika nywele au miguu na anadhani kanuni zinamkataza. Kwenye soka vilemba na hijabu vimeruhusiwa tangu 2014, na kwenye mpira wa kikapu FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ilibadilisha kanuni yake mwaka 2017. Kitambaa kikae vizuri, kisiwe na pini, basi. Kama mashindano ya shule bado yana kanuni ya zamani, ni kazi ya mwalimu kuandika barua mapema. Msichana asiachwe abishane na refa siku ya mechi.

Ya nne ni watazamaji: wanaopiga miluzi kando ya uwanja, au chumba cha kubadilishia nguo kisichofungika. Hamisha muda, hamisha kona ya mazoezi, weka komeo.

Dalili: anaishiwa nguvu mapema kuliko wenzake

Mulize alikula nini na saa ngapi. Wengi wanaingia mazoezini jioni wakiwa hawajala tangu mchana, wengine tangu jana usiku. Mlo saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, au kitu chepesi saa moja kabla, pamoja na maji, hubadilisha kipindi cha pili ndani ya wiki. Kisha mulize kuhusu usingizi: umri huu unahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Akilala sita kwa sababu ya masomo na simu, hakuna zoezi la pumzi litakaloziba pengo hilo.

Baada ya hapo hesabu mzigo wake. Msichana hodari huchukuliwa na kila timu: netiboli Jumatatu, riadha Jumanne, wavu Jumatano, na kila kocha anamhesabia saa zake pekee. Zijumlishe zote kwenye karatasi moja. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa michezo ya vijana ni kwamba saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi idadi ya miaka yake, na apate angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Ukikuta binti wa miaka 14 ana saa 19, umeshapata jibu. Makocha wakutane wagawane. Asiachiwe yeye aamue nani wa kumkatalia.

Kama chakula, usingizi na mzigo viko sawa na bado anachoka, fikiria upungufu wa madini ya chuma. Msichana anayepata hedhi huyapoteza kila mwezi. Mapendekezo yanayotumika Marekani kwa umri wa miaka 14 hadi 18 ni miligramu 15 kwa siku kwa wasichana, dhidi ya 11 kwa wavulana. Dalili zake ni kuhema kwa kazi ndogo, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, midomo na kope za ndani kupauka, na wengine hutamani kula barafu au udongo. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Usimpe vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwa kuwa vikizidi vinadhuru. Kwenye chakula anaweza kuanza leo: nyama, maharage na mboga za majani vina chuma, matunda yenye vitamini C yakiliwa pamoja na mlo husaidia mwili kukifyonza, na chai au kahawa pamoja na mlo huzuia, kwa hiyo isogezwe hadi saa moja au mbili baadaye.

Kifua ni sababu ya nadra kidogo ila haikosekani. Akikohoa au kusikika mlio wa filimbi dakika chache baada ya kukimbia kwa nguvu, huenda ana pumu inayoamshwa na mazoezi. Hiyo ina dawa, na wanariadha wengi wakubwa wanacheza nayo.

Sababu ya mwisho naikazia zaidi kwa sababu wakubwa ndio tunaoisababisha. Msichana anafanya mazoezi mengi huku anakula kidogo kuliko anachotumia, mara nyingine kwa kukosa muda, mara nyingine kwa sababu mtu alimwambia, "ukipungua kidogo utakimbia zaidi." Mwanzoni kasi inaweza kuongezeka kweli, na sentensi ile ikaonekana ya hekima. Kisha mwili unaanza kuzima mambo yake moja moja: hedhi inakatika, mifupa inapoteza uimara, mafua hayaishi, hasira na majonzi yanazidi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii rasmi kwa jina pana, RED-S (upungufu wa nishati katika michezo), mwaka 2014, kwa kuwa inagusa mwili mzima. Kukatika kwa hedhi si ishara kwamba amekuwa fiti. Usipime uzito wa wachezaji mbele ya wenzao, na ikiwa mchezo wake haugawanywi kwa uzito, usipime kabisa.

SIMAMA ikiwa hedhi imekatika miezi mitatu mfululizo, au amefika miaka 15 bila kuipata. SIMAMA pia ikiwa anaruka milo, anajitapisha, au anajificha wakati wa kula. SIMAMA papo hapo ikiwa alizimia *wakati* anakimbia, ana maumivu ya kifua akijitahidi, au anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Aliyezimia akiwa mbioni hagusi mazoezi mpaka daktari aukague moyo wake, hasa kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Dalili: goti, ugoko au kifundo vinamuuma

Maumivu ya uvimbe mdogo mgumu chini kidogo ya pia ya goti, kwa binti anayerefuka haraka, kwa kawaida hutokana na kano inayovuta sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Punguza kuruka na kuchuchumaa kwa wiki kadhaa, mpe barafu baada ya mazoezi, imarisha mapaja. Hupita ukuaji unapotulia.

Ugoko unaouma kwa mstari mrefu upande wa ndani, ukapungua akishapasha mwili joto, ni wa mzigo ulioongezwa haraka au viatu vilivyokwisha. Lakini akiweza kukuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja mahali panapouma, na panauma hata akitembea au usiku, huenda mfupa umepata ufa. Hapo ni SIMAMA: asikimbie kabisa mpaka apigwe picha. Na usisahau kuuliza kuhusu hedhi na chakula, maana ufa wa namna hii na sababu niliyoikazia hapo juu huandamana.

Goti lenyewe linahitaji kazi kabla ya kuuma. Katika michezo ya kukatisha kona na kuruka, kama soka, kikapu, mpira wa mikono na netiboli, wasichana hukata ligamenti ya mbele ya ndani ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana wa mchezo uleule, na mara nyingi hakuna aliyewagusa. Anatua, goti linaingia ndani, basi.

Mkague leo. Aruke kutoka kwenye kijukwaa cha sentimita 30 hivi, nawe usimame mbele yake. Magoti yakikaribiana anapotua, au akitua na kishindo huku miguu imenyooka, ana kazi ya kufanya: kutua kimya kimya, goti likielekea kidole cha pili cha mguu, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kusimama mguu mmoja huku mwenzake akimsukuma kidogo, mazoezi ya tumbo na ya misuli ya nyuma ya paja. Programu ya FIFA 11+ ina mazoezi 15 ya aina hii, huchukua kama dakika 20, na inafaa kufanywa angalau mara mbili kwa wiki kama sehemu ya kupasha mwili joto. Ilijaribiwa Norway kwa wachezaji wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa yakipungua sana kwa timu zilizoifanya. Kocha anayesema hana dakika 20 ajiulize ana miezi tisa ya kumsubiri mchezaji aliyepasuliwa goti.

SIMAMA ikiwa alisikia "pa!" ndani ya goti, likavimba ndani ya saa chache, linamwachia akitembea, limekwama halikunjuki, au hawezi kukanyaga hatua nne.

Na kichwa: akigongwa kisha akaonekana mzito, amechanganyikiwa, ana kichefuchefu au kizunguzungu, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Kurudi ni hatua kwa hatua baada ya daktari kuruhusu. Akitapika mara kwa mara, akisinzia bila kuamka vizuri, au mkono ukilegea, ni hospitali sasa hivi.

Dalili: mazoezini ni moto, kwenye mechi anaganda

Sababu inayoongoza ni mazoezi yenyewe kutofanana na mechi. Mazoezini anarusha mpira kikapuni mara hamsini, hakuna anayehesabu, akikosa anarusha mwingine. Kwenye mechi anapata mmoja, uwanja mzima umenyamaza. Jaribu hivi: dakika kumi za mwisho za mazoezi, akiwa amechoka, timu nzima imtazame, apate nafasi moja tu, na matokeo yaandikwe ubaoni. Akiganda hapo pia, umeipata shida mahali salama pa kuitengenezea. Fanya hivyo kila siku kwa wiki tatu, kwa kila mchezaji na si yeye peke yake, mpaka kutazamwa kuwe jambo la kawaida.

Sababu inayofuata ni maelekezo mengi. Kichwa chenye mambo saba hakichezi. Mpe neno moja la mechi, alichague mwenyewe: "chini", "mapema", "tazama". Kwa mipira iliyosimama, kama penalti na mipira ya adhabu, atengeneze utaratibu usiobadilika: hatua zilezile, kudunda mpira idadi ileile, pumzi moja ndefu ya kutoa, macho mahali pamoja, kisha anapiga.

Wengine wanayasoma vibaya mapigo ya moyo wao. Tumbo likichafuka anajiambia, "nimeanza kuogopa, nitaharibu." Mfundishe kwamba mwili unaojiandaa kukimbia hufanya hivyohivyo, na hata wale anaowaogopa upande wa pili matumbo yanawachafuka. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Usimwambie "tulia." Sijawahi kuona mtu aliyetulia kwa kuambiwa atulie.

Chunguza pia kama anaganda akitazamwa na mtu mmoja maalumu. Jibu linaweza kuwa kumwomba baba akae upande wa pili wa uwanja, tena kimya.

SIMAMA katika michezo ya hewani kama jimnastiki: binti akisema hajui yuko wapi akiwa hewani, ruko hilo linakoma dakika hiyohiyo. Mwanajimnastiki wa Marekani Simone Biles alijiondoa kwenye fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu hiyo, akarudi siku za mwisho akapata shaba kwenye boriti, na mwaka 2024 jijini Paris akatwaa dhahabu tatu. Anarudishwa kwenye magodoro na hatua za mwanzo, bila haraka. Na kama hofu inamkosesha usingizi siku nyingi, inamtapisha kabla ya kila mechi, au imeenea hadi darasani, amwone mshauri nasaha au mwanasaikolojia.

Dalili: akikosea mara moja, mechi yake imekwisha

Mechi moja tu, usitazame mpira. Mtazame yeye, na uandike macho yake yanakwenda wapi kila anapokosea. Nimefanya hivi kwa wachezaji wengi, na karibu kila mara macho yanakwenda kwa mtu: kocha anayejishika kichwa, mzazi anayepunga mikono, nahodha anayesonya. Huyo ndiye wa kurekebishwa kwanza. Kocha, mikono yako iwe mfukoni.

Kisha mpe kazi ya sekunde tatu zinazofuata kosa, kwa sababu kosa linamzamisha pale anapobaki hana la kufanya. Aguse ukingo wa jezi, aseme neno lake, akimbilie nafasi yake ya ulinzi. Wenzake nao wana kazi: aliye karibu naye zaidi anampa mkono kabla mpira haujaanza tena. Iwe kanuni ya timu, si huruma.

Unapomrekebisha, mwambie la kufanya badala ya la kuacha. "Usipoteze mpira" halimwelekezi popote. "Geuza bega kwanza" linamwelekeza. Na ukimsifu, sifia kitu chenyewe: "ulifunga nafasi ya kati mara tatu" hukaa kichwani muda mrefu kuliko "safi sana". Mzazi naye baada ya mechi aseme alifurahi kumwona akicheza, kisha anyamaze. Akitaka kuzungumza, ataanza mwenyewe.

Dalili: haombi mpira, hasikiki uwanjani

Mara nyingi hajafundishwa maneno. Chagueni miito mitatu ya timu na kila zoezi lifanywe kwa sauti. Chezeni watatu kwa watatu, ambapo hakuna pa kujificha, na zungusha unahodha wa mazoezi kila wiki, kuanzia kwa wakimya. Kama bado yuko kimya, angalia kama kuna kundi la wachezaji wakubwa linalomcheka akikosea pasi.

Dalili: anasema anataka kuacha

Muulize swali moja: "Ni kipi kikiondolewa, ungebaki?" Kisha nyamaza. Majibu yanayorudi ni kukaa benchi bila kuambiwa sababu, marafiki kuondoka, masomo kubana, na mwili uliobadilika ghafla ambao haujui tena kuruka kama mwaka jana. Kila moja lina tiba: dakika za kucheza zilizoahidiwa na kutimizwa, siku mbili badala ya nne, msimu wa kupumzika, kubadilisha nafasi. Na ikiwa anataka mchezo mwingine, msaidie aende kwa amani.

SIMAMA ikiwa anamkwepa mtu mzima mmoja, anakataa kubaki naye peke yake au kupanda gari lake, anapokea ujumbe wa faragha usiku au zawadi za siri, au anasema anashikwa kwa kisingizio cha kunyooshwa viungo. Usimhoji kwa maswali mengi, usimwahidi siri, na usimkabili mtuhumiwa. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, mtenge na mtu huyo siku hiyohiyo, na ripoti kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto au polisi, hata kama mtuhumiwa ndiye kocha aliyeleta vikombe vyote kabatini. Mwambie binti kwamba umemwamini, na umweleze utamwarifu nani, na lini.